Bega la Kushoto

Jumatano, tarehe sita Novemba. Mawingu yalitanda tangu alfajiri, mvua haikunyesha wala jua halikutoka, na hewa ilikuwa na ule unyevunyevu unaofanya chaki isishike kwenye kitambaa.

Shangazi alifungua karakana mapema kuliko kawaida yake, akawasha taa zote, akasimama mbele ya makoti. Yalikuwa yametundikwa kwenye bomba refu linalokatiza chumba, mekundu ya damu ya mzee, vifungo vya shaba, kola zimesimama. Makoti ya bendi ya tarumbeta. Asubuhi hiyo mkuu wa bendi angekuja na wapigaji wake kuyajaribu, na Jumamosi wangeyavaa mbele za watu.

Makoti ya wapiga tarumbeta si makoti ya mchezo. Koti la kawaida mtu akiinua mikono, kola humpanda masikioni na pindo humfika kiunoni, akawa kama kuku aliyekamatwa mbawa. La mpiga tarumbeta linatakiwa litulie hapo hapo mikono ikiwa juu na mashavu yamejaa upepo. Mjini walijua kuwa kazi hiyo iko karakana moja tu, na karakanani walijua kuwa iko mkononi mwa mtu mmoja tu. Mtu huyo walimwita Mkasi.

Karakana ilikuwa ya kaka yake Shangazi. Watoto wa kaka walikua wakikimbizana katikati ya vyerehani, na kila Shangazi alipopita kuwasalimia walipiga kelele, "Shangazi! Shangazi!" Mafundi wakalishika jina hilo, wateja wakalishika kwa mafundi, hata wazee waliomzidi umri wakawa wanamwita hivyo bila kucheka. Kaka alipofariki na watoto wake wakawa wametawanyika kwenye kazi zao, ilibidi aache duka la viatu alimokuwa akiuza aje ashike mahali pale. Hakuwa fundi. Alijua kukaza kifungo na kupandisha pindo, basi. Alichokijua hasa ni watu. Miaka ya kupiga magoti mbele ya miguu ya wageni ilimfundisha kumtambua anayesema kiatu kinambana kumbe ni aibu inayombana.

Alirithi vyerehani, mashine ya oveloki, pasi nzito, jina zuri la kaka yake, na Mkasi.

Siku ya kwanza alipomwona Mkasi akikata, alikuwa amebeba kikombe cha chai, na chai hiyo hakuinywa. Mteja aliingia. Mkasi hakuchukua futi kamba. Alisema tu, "Nenda mlangoni. Rudi." Yule mteja akaenda mlangoni, akarudi, anaona haya kama bwana harusi. Mkasi akamtazama anavyokwenda na anavyorudi, akatikisa kichwa, akaingia nyuma ya pazia kwenye meza yake. Akakitandaza kitambaa tabaka moja, bila kukikunja, kwa kuwa alikuwa akisema hajapata kuona mtu mwenye mabega mawili yanayolingana, na anayekata bega la kulia na la kushoto kwa pamoja huyo anavisha kabati. Akavuta chaki. Mistari ilitoka mkononi mwake kama mtu anayeandika jina lake mwenyewe. Kisha mkasi. Haukusita, haukurudi nyuma, sauti yake ilikuwa moja tangu mwanzo hadi mwisho, kama pumzi ndefu. Shangazi alihisi nywele za mikono zinasimama. Alipolala usiku ule aliisikia bado sauti ile.

Alipomaliza, Mkasi alifuta chaki yote kwa mkono wa shati lake. Hivyo ndivyo alivyofanya siku zote. Asiwepo mtu wa kuona mstari ulipoanzia.

Kwa ajili ya mkono ule Shangazi alivumilia mengi. Mkasi alikuja kazini akijisikia, viatu vinang'aa, na asipojisikia hakuja. Koti lililomchukiza alilitupa sakafuni, na aliyelishona aliliokota. Mpiga pasi, mtu mpole aliyefanya kazi pale tangu ujana wake, aliitwa na Mkasi "Zimamoto" kwa sababu siku moja aliunguza kitambaa, siku moja tu maishani. Mteja mmoja mnene aliambiwa mbele ya mkewe, "Ndugu yangu, tumbo hilo halitaki fundi cherehani, linataka seremala." Na kulikuwa na amri yake ya meza, ambayo hakuna aliyeelewa ilitoka wapi: "Kushoto kwangu hakusimami mtu." Anayetaka kusema naye aje upande wa kulia. Aliyesahau alikiona cha moto.

Kazi kubwa ya Shangazi ikawa kuomba radhi. Alimwomba radhi mteja kwa niaba ya Mkasi, akamwomba radhi Mkasi kwa niaba ya mteja, akawabembeleza washonaji waliokuwa wakilia kwenye mabaki ya vitambaa. Mkasi alijua uzito wake. Alikuwa na sentensi moja, aliyoisema kwa upole kabisa, akimwita dada kama alivyokuwa akimwita tangu uhai wa kaka yake: "Dada, mimi nikitoka hapa, mtafunga." Na Shangazi, kila alipoisikia, alihisi mlango mkubwa ukisukumwa kifuani mwake.

Mtu pekee asiyemwogopa alikuwa Mama Kola. Huyu alikuwa mshonaji wa kola na mabega, mwanamke mpana mwenye mdomo usio na pazia, anayekaa juu ya mto wake mwenyewe aliotoka nao nyumbani. Mkasi akisema moja, yeye alisema mbili.

"Kola hii imelala," Mkasi angesema.

"Imelala kwa sababu imechoka kukusikiliza, shemeji."

Hakuwa shemeji yake wala nini. Alimwita hivyo kumuudhi tu.

Wiki iliyotangulia mambo yaliharibika. Mama Kola alipita na chai, akakiweka kikombe kwenye ukingo wa meza ya Mkasi, upande wa kushoto, ili aokote sindano iliyomponyoka. Kiwiko cha Mkasi kikakipiga kikombe kama vile hakikuwepo. Chai ikamwagika juu ya kitambaa chekundu cha bendi. Mkasi akageuka mzima mzima, macho yamemtoka, akamtukana Mama Kola matusi ambayo si ya kuandika, ya uzee wake na ya mama yake. Vyerehani vikasimama.

"Chagua, dada," Mkasi alimwambia Shangazi. "Yeye au mimi."

Shangazi alitazama vitambaa vya makoti vilivyokuwa bado havijakatwa. Alimtazama Mama Kola. Akasema kwa sauti ambayo hata yeye mwenyewe hakuipenda, "Mama, labda upumzike kidogo nyumbani."

"Nipumzike? Nani kakwambia nimechoka?" Mama Kola akauchukua mto wake, akaukung'uta vumbi taratibu, akaukumbatia. Mlangoni akageuka. "Haya. Sasa mtameza wenyewe."

Wote walidhani anazungumzia matusi.

Sasa Jumatano hii bendi iliingia kwa kishindo, watu warefu kwa wafupi, wamebeba tarumbeta zao kwenye mifuko. Mkuu wa bendi, mtu mnene mchangamfu ambaye koti lake mwenyewe lilikuwa halijakatwa, aliagiza wote wavae na wainue vyombo.

Wakavaa. Wakainua.

Upande wa kulia ulikuwa kitu cha kumshukuru Mungu. Mikono ilipanda, na koti likabaki limetulia kama maji ndani ya beseni. Lakini upande wa kushoto kila bega lilisimama. Lilivimba juu kidogo karibu na kola, likafanya mkunjo mnene. Si mtu mmoja. Wote. Walisimama pale mbele ya kioo kama ndugu waliozaliwa na kilema kimoja.

Mpiga tromboni alijipapasa. "Shangazi, hebu niangalie. Nimebeba mtoto hapa begani?"

"Umebebeshwa," mwenzake akamjibu. "Na baba yake ni fundi."

Wakacheka. Mkuu wa bendi hakucheka. Alimvuta Shangazi pembeni, akasema kwa sauti ya chini, kwa heshima, "Mimi nilikuwa rafiki ya kaka yako. Makoti ya bendi hii yameshonwa hapa tangu baba yangu akipiga ngoma. Kesho jioni nitapita. Yakiwa hivi hivi, Shangazi, tutavaa ya zamani na sitarudi tena. Usinielewe vibaya."

Walipoondoka, Shangazi akamwita Mkasi. Mkasi akalitazama koti lililotundikwa. "Washonaji hao," alisema. "Wameniharibia."

Mshonaji aliyepewa kola badala ya Mama Kola akaanza kulia. "Nimefuata ulivyokata, wallahi. Sikuongeza, sikupunguza."

"Basi shida iko wapi? Mimi sioni shida."

Alisema kweli. Na hapo ndipo Shangazi alipoitambua shida yenyewe. Mkasi alikuwa amekigeuza kichwa pembeni, shavu la kulia mbele, kama kuku anavyoitazama punje. Alilitazama bega lile lililovimba, lililoonekana na kila mtu hadi na mpiga pasi aliye kule mwisho wa chumba, na hakuliona. Maneno ya Mama Kola yakamrudia Shangazi sikioni: sasa mtameza wenyewe.

Alilikunja koti moja ndani ya mfuko, akatoka bila kuaga.

Mama Kola alikuwa akikaa ghorofa ya pili, chumba na sebule, kwenye jengo lenye ngazi nyembamba na kamba za nguo kila kibaraza. Alikuwa dirishani, anashona mapazia ya jirani, amekalia mto wake ule ule.

"Karibu," alisema bila kusimama. "Mmefika wapi na kumeza?"

Shangazi akaketi. Akalitoa koti. Akasema neno moja: "Nisamehe."

Mama Kola alilishika koti begani, akapitisha kidole gumba juu ya mshono, macho yakiwa kwenye mapazia. Hakuvaa hata miwani. Akachukua kiwembe, akafumua mahali padogo chini ya kola, akaingiza vidole viwili na kukisukuma kitambaa ndani ya mshono, kidogo, kidogo tena, kama mtu anayemlisha mtoto mgonjwa. Akakishika kwa sindano. Kisha akalitundika koti kwenye kitasa cha mlango.

Lilikuwa limekaa. Lile bega lililokuwa limevimba lilishuka na kulala mahali pake, na usingeweza kuonyesha palipopita mkono. Shangazi alisimama, akalisogelea, akaligusa. Alihisi kile kile alichohisi siku ya kwanza alipomwona Mkasi akikata, nywele zikisimama. Hakujua kama angeweza kukihisi mara ya pili maishani.

"Hiyo ndiyo kumeza," Mama Kola alisema. "Kaka yako ndiye aliyeliita hivyo. Kitambaa kikizidi, mshono unakimeza, mwenye koti hajui. Shemeji yule bega la kushoto linamzidi. Lilianza kidogo. Sasa limekuwa kubwa."

"Tangu lini?"

"Tangu jicho lake la kushoto lilipoanza kuzimika. Hujaliona? Lina ukungu kama kioo cha bafuni, upande huo anakata kwa kukisia. Ndiyo maana hataki mtu kushoto kwake. Si kiburi, Shangazi. Anashtuka. Ukitokea upande ule ni kama umeota kutoka ardhini. Na kile kikombe hakukiona. Nilijua hakukiona. Nilisahau tu, nikakiweka pale."

"Miaka yote hiyo hukusema."

"Ningemwambia nani?" Mama Kola alicheka, lakini si sana. "Wewe? Ulikuwa unamtazama kama watu wanavyotazama kupatwa kwa jua. Na yeye ningemwambiaje? Umeona anavyokata upande wa kulia? Mimi nimeshona mabega tangu sijaolewa. Siku nyingine narudi nyumbani nakitafakari kipande chake kama mtu aliyetoka kusikiliza kwaya. Mtu wa namna hiyo unaanzaje kumwambia umekosea? Nikameza kitambaa. Akinitukana, nikameza na matusi, ingawa nilitema machache."

"Machache?"

"Haya, mengi."

Wakacheka wote wawili. Halafu Mama Kola akaacha kucheka. "Nitarudi, kwa ajili ya jina la kaka yako. Lakini nisikilize. Kitambaa nitameza. Maneno simezi tena. Hata moja."

Jioni karakana ilikuwa imebaki na Mkasi peke yake. Shangazi aliingia polepole, akalipita pazia, akaenda kusimama mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kusimama, upande wa kushoto wa meza. Mkasi alikuwa anapangusa mkasi wake kwa flana. Shangazi alisimama karibu kiasi cha kuweza kumgusa. Akaliinua koti lililorekebishwa, akalishika hewani mbele yake. Mkasi aliendelea kupangusa. Alikuwa akiimba kidogo puani.

Shangazi alikuwa amekuja na hasira yake imepangwa vizuri. Hapo yote ikamwishia. Alimwona mtu mzima aliyejijengea ukuta wa matusi upande mmoja wa mwili wake, kwa sababu upande huo hakukuwa na kitu tena, na nyuma ya ukuta huo bado alikuwa akikata vitambaa kwa namna ambayo wenye macho mawili hawakuiweza.

"Kaka," alisema.

Mkasi akaruka. Mkasi wenyewe ukaanguka mezani. "Nimesema mara ngapi? Kushoto kwangu..."

"Nimesimama hapa muda, kaka. Nimekunyooshea koti."

Mkasi aligeuza shavu la kulia, akaliona koti, akalipapasa bega. Kidole chake kikasimama juu ya mshono. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Fundi anapoona mshono uliorekebishwa hujua kilichorekebishwa.

"Ni yule mwanamke," alisema.

"Ni yeye. Miaka yote. Hakumwambia mtu."

"Basi anicheke."

"Hakucheki. Anasema ukikata upande wa kulia ni kama kwaya."

Mkasi akakitafuta kiti, akakosa, akaegemea meza. Kisha, kama mtu anayerudi kwenye silaha anayoijua, akasema kwa upole ule ule, "Dada, mimi nikitoka hapa, mtafunga."

Shangazi alikingoja kile kishindo kifuani. Kilikuja, lakini kilikuwa kidogo, kama mlango wa kabati.

"Huenda," alisema. "Sitaki utoke. Nikisema sikuhitaji nitakuwa mwongo. Lakini kesho meza hii inatoka nyuma ya pazia. Itakaa katikati, penye mwanga. Mama Kola atakaa kushoto kwako, awe jicho lako la upande huo. Chaki haifutwi, anayetaka kujifunza ajifunze. Na atakayemtukana mwenzake, koti lake litamngoja mlangoni, hata kama ni wewe."

"Nikikataa?"

"Ukikataa tutakata wenyewe. Tutakata vibaya. Lakini tutakata."

Mkasi aliufunga mkasi wake ndani ya flana, akautia kwapani, akatoka. Viatu vyake vilisikika hadi mwisho wa uchochoro. Shangazi alikaa juu ya meza, na hakujua kama ameiokoa karakana ya kaka yake au ameizika.

Asubuhi iliyofuata anga lilikuwa limefunguka. Shangazi alifika, akalitoa pazia kwenye ndoano zake, akalikunja. Yeye na mpiga pasi wakaibeba meza hadi katikati ya chumba, kwenye mwanga wa dirisha, mpiga pasi akiguna na kusema kama angejua ni nzito hivi angelala kwao. Mama Kola akaja, akaweka mto wake upande wa kushoto wa meza, akaanza kumeza makoti moja baada ya jingine, akipiga soga. Upande wa kulia haukuwa na mtu.

Lilibaki koti la mkuu wa bendi. Shangazi alikitandaza kitambaa, akakipangusa, akautazama wekundu ule wote. Akachukua chaki. Akauvuta mstari wa kwanza maishani mwake, ukaenda, ukapinda, ukarudi. Mpiga pasi akatazama pembeni kwa adabu.

"Unashika chaki kama unampaka mtu dawa ya upele."

Mkasi alikuwa mlangoni. Viatu vinang'aa, flana kwapani. Alilitazama dirisha, meza, mahali lilipokuwa pazia. Mama Kola aliendelea na sindano yake.

"Nenda mlangoni, shemeji," alisema bila kuinua kichwa. "Rudi."

"Niko mlangoni tayari, wewe mwanamke."

"Basi limebaki la kurudi."

Kisha Mkasi akaja mezani kwa upande wake wa kulia, akaifungua flana, akakitazama kile kimstari kilichopinda cha Shangazi. Aliinua mkono wa shati lake kukifuta. Mkono ukasimama hewani. Akaushusha, akachukua chaki nyingine, akauchora mstari wake kando ya ule, wa kwake ukiwa umenyooka kama maji yanapokwenda yanakotaka, akaiacha yote miwili pale pale, kila mtu aione.

"Sogea, dada," alisema. "Naomba."

Shangazi akasogea kumpisha, lakini hakusogea sana.